Kioo au Utambi?

Wavuvi wa dagaa huziita siku zisizo na mwezi "giza", na katika giza la mwezi uliopita nilikaa na mjomba wangu ufukweni Pangani tukihesabu taa zilizokuwa baharini. Zilikuwa kumi na mbili. Kwa kiburi cha mtu aliyesoma, nikaanza kumpangia umbali wa kila moja: zile tatu kali ziko karibu, zile za katikati zimesogea mbele kidogo, na ile hafifu iliyojitenga upande wa kusini bila shaka iko mbali kuliko zote. Karabai zote ni za namna moja, nilimweleza, kwa hiyo tofauti ya mwanga ni tofauti ya umbali.

Mjomba aliisikiliza hoja yote mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Mjomba, ile haiko mbali hata kidogo. Ile ni mashua ya jirani yetu. Kioo chake kimejaa masizi, na kila siku namwambia akisafishe, hasikii."

Jibu hilo lilinifuata mpaka nyumbani.

## Sentensi yangu ya zamani

Kilichoniuma hakikuwa taa za Pangani. Miezi michache nyuma niliandika katika blogu hii kwamba supanova za aina ya Ia, yaani aina mojawapo ya nyota zinazokufa kwa kulipuka, hulipuka zote kwa mwanga mmoja, na kwamba kwa sababu hiyo iliyo hafifu ndiyo iliyo mbali. Hakuna msomaji aliyenipinga. Mimi mwenyewe niliipenda sentensi ile kwa ufupi wake, na sasa naona kwamba ni hoja ile ile niliyomtolea mjomba, ila ufukweni palikuwa na mtu anayemjua mwenye taa.

Sikuiokota njiani. Supanova ya aina hii hutokana na nyota kibete nyeupe, yaani masalio ya nyota iliyokwisha kuchoma haidrojeni na heliamu yake, kaboni na oksijeni iliyoshindiliwa ndani ya umbo lenye ukubwa kama wa Dunia. Subrahmanyan Chandrasekhar alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba nyota ya namna hiyo haiwezi kujibeba ikizidi takribani mara 1.4 ya uzito wa Jua. Ikiwa kila moja hulipuka inapoukaribia mpaka huo, basi kila bomu lina baruti sawa, na mabomu yenye baruti sawa yatatoa mwanga sawa.

Tatizo ni kwamba mwanga tunaouona hautoki moja kwa moja kwenye baruti. Mlipuko wenyewe huisha ndani ya sekunde chache. Kinachong'aa kwa wiki na miezi ni nikeli-56 iliyotengenezwa ndani yake, ambayo nusu yake hugeuka kobalti-56 kila baada ya siku sita hivi, na kobalti nayo hugeuka chuma kwa mwendo wa taratibu, nusu yake katika siku 77. Supanova ya kawaida hutengeneza nikeli ya kiasi cha sehemu sita kwa kumi za uzito wa Jua. Nasema ya kawaida, kwa kuwa nyota mbili zenye uzito sawa zinaweza kuunguza kaboni yao kwa namna tofauti, moja ikatoa nikeli nyingi na nyingine kidogo. Hata huo mpaka wa 1.4 siku hizi una wapinzani, maana zipo hesabu zinazoonyesha kwamba kibete chepesi zaidi nacho kinaweza kulipuka, kikichokozwa na tabaka la heliamu lililokifunika au kikigongana na mwenzake.

Kwa maneno mengine, hata dukani karabai hazikuwa za namna moja.

## Mbili za mwaka 1991

Mifano iliyonivunja moyo ni miwili, ya mwaka 1991, na yote miwili ilitokea upande mmoja wa anga, kwenye kundinyota la Mashuke. Mwezi wa Aprili ilionekana supanova iliyopewa jina SN 1991T katika galaksi NGC 4527, galaksi ya mikono iliyojisokota, yenye gesi, vumbi na nyota zinazoendelea kuzaliwa. Ilikuwa kali kuliko kawaida na ilichelewa kufifia. Mwezi wa Desemba ikaonekana nyingine, SN 1991bg, katika M84, galaksi nzito yenye umbo la yai ambayo nyota zake ni kongwe na uzazi wake ulikoma zamani. Hii ilikuwa na wekundu tangu mwanzo, ilififia haraka, na katika mwanga wa buluu ilikuwa hafifu kama mara kumi kuliko supanova ya kawaida ya aina hiyo hiyo.

Mara kumi. Mtu angeitumia sentensi yangu kwa SN 1991bg, angeiweka mara tatu zaidi ya umbali wake wa kweli.

Na tazama zilipotokea: kali kwa vijana, hafifu kwa wazee. Supanova mbili si ushahidi wa chochote, lakini zinatosha kumkosesha mtu usingizi.

## Taa inayojitaja

Tiba ilikuja mwaka 1993. Mark Phillips, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha darubini cha Cerro Tololo nchini Chile, alichukua supanova tisa ambazo umbali wa galaksi zake ulijulikana kwa njia nyingine, akapima kila moja ilikuwa imefifia kiasi gani siku 15 baada ya kilele chake. Zilizofifia polepole ndizo zilizokuwa kali, na zilizofifia haraka ndizo hafifu. Yurii Pskovskii alikwisha kulidokeza jambo hilo katika miaka ya 1970, ila vipimo vya wakati wake havikutosha kumshawishi mtu.

Nilipofika hapa nilipumua. Taa inajitaja yenyewe: isubiri siku 15, itakwambia ukali wake. Ukiongeza sahihisho la rangi, kwa kuwa zenye wekundu huwa hafifu, umbali wa supanova moja hujulikana kwa kosa la asilimia saba hivi. Kwa kipimo cha namna hiyo makundi mawili ya watafiti, moja la Brian Schmidt na Adam Riess na jingine la Saul Perlmutter, yalitangaza mwaka 1998 kwamba supanova za mbali ni hafifu kwa takribani robo kuliko ilivyotarajiwa, jambo lililomaanisha kwamba kasi ya kutanuka kwa ulimwengu inaongezeka. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2011.

Lakini kazi zile zile za Chile zilikuwa na mwiba ndani yake. Katika miaka ya 1990 Mario Hamuy na wenzake walikwisha kuona kwamba supanova kali zaidi hupatikana katika galaksi zenye nyota changa, na zile za kufifia haraka hupatikana zaidi katika galaksi kongwe. Mtu angeweza kujiliwaza kwamba sahihisho la Phillips limelimeza jambo hilo zima, kwa kuwa ikiwa galaksi ndiyo inayoamua ukali, na kasi ya kufifia ndiyo inayoutaja ukali huo, basi galaksi haina la kuongeza.

Mimi nilijiliwaza hivyo kwa wiki nzima.

## Sahihisho lililopitiliza

Mwaka 2010 zilitoka kazi tatu, zilizoongozwa na Patrick Kelly, Mark Sullivan na Hubert Lampeitl, zikitumia mikusanyo tofauti ya supanova. Swali lao lilikuwa moja. Chukua supanova zilizokwisha kusahihishwa kwa kasi ya kufifia na kwa rangi, tazama kosa lililobaki kwa kila moja, kisha uliza kama kosa hilo linajua lolote kuhusu galaksi ilikotoka. Ikiwa sahihisho limefanya kazi yake, mabaki yawe kelele tupu.

Mabaki yalijua. Supanova za galaksi nzito, zile ambazo nyota zake zote kwa pamoja zinazidi uzito wa majua bilioni kumi, zilitoka na mwanga zaidi kuliko za galaksi nyepesi, tofauti ikiwa ya asilimia sita hadi nane. Ukizichora kwenye grafu, mstari unapanda kidato kimoja hapo kwenye bilioni kumi, na ndiyo maana jambo hili likaitwa ngazi ya uzito. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, iko upande wa juu wa kidato. Wingu Kubwa la Magellan, lile doa la ukungu ambalo mtu aliyesimama Pangani usiku wa giza la Januari huliona chini upande wa kusini, liko upande wa galaksi nyepesi, yaani chini ya kidato.

Hapa nilikwama kwa siku tatu.

Supanova kali zaidi katika galaksi nzito? Galaksi nzito nyingi ni kongwe, na kongwe ndizo zenye zile hafifu. Nilidhani nimegeuza alama, kwa kuwa wanaastronomia hupima mwanga kwa magnitudi, ambazo namba yake hushuka mwanga unapopanda, na hakuna mwanafunzi ambaye hajateleza hapo. Nikarudia hesabu kwenye daftari, safari hii nikiandika kila alama kwa wino mwekundu. Sikuwa nimekosea. Kabla ya sahihisho, supanova ya galaksi kongwe ni hafifu. Sahihisho linaiona ikififia haraka, linaielewa kuwa ni dhaifu kwa asili, linaiongezea mwanga kwenye hesabu ili ilingane na wenzake, nalo linazidisha, hata supanova ile inatokea upande wa pili ikiwa kali kuliko wote. Ni kama mtoto wa mwisho katika mbio aliyebebwa kwa huruma mpaka akapitishwa kwenye utepe wa kwanza.

Maana yake ni kwamba galaksi ilikuwa na neno la pili, ambalo kasi ya kufifia hailijui.

Wala hakuna anayeamini kwamba uzito wenyewe ndio unaotenda. Kibete cheupe kilicho pembezoni mwa galaksi hakina habari kama jumla ya nyota zake ni majua bilioni tisa au kumi na moja. Uzito ni jina la kukopa, la kitu kinachoandamana nao: pengine umri wa nyota, pengine wingi wa metali, ambazo kwa wanaastronomia ni kila elementi iliyo nzito kuliko heliamu, pengine vumbi. Kwa lugha ya mjomba, ama utambi, ama kioo.

## Kioo

Tarehe 21 Januari 2014, Steve Fossey wa University College London alikuwa akiwaonyesha wanafunzi wake jinsi ya kutumia darubini ya sentimita 35 huko Mill Hill, kaskazini mwa London. Mawingu yalikuwa yanajifunga, somo likafupishwa, wakailenga galaksi M82 iliyoko kwenye Dubu Mkubwa. Picha ilipotokea kwenye kioo cha kompyuta, ilikuwa na nyota ambayo haikupaswa kuwapo. Ndivyo ilivyopatikana SN 2014J, ya aina ya Ia, umbali wa miaka nuru milioni 12 hivi, karibu sana kwa kipimo cha supanova.

M82 ni galaksi inayozaa nyota kwa pupa na imejaa vumbi. SN 2014J ilionekana nyekundu kama kaa la moto, na sehemu kubwa ya mwanga wake ilipotea kabla haijatoka ndani ya galaksi yake. Lakini kilichovutia wapimaji zaidi ni tabia ya vumbi lenyewe. Kila vumbi lina uwiano wake, kati ya kiasi linachofifisha mwanga na kiasi linachoufanya mwekundu. Katika Njia Nyeupe wastani wa uwiano huo ni 3.1. Mbele ya SN 2014J ulikuwa 1.4 hivi. Mtu aliyeutazama wekundu wa supanova ile, kisha akausahihisha kwa kanuni ya vumbi la nyumbani kwetu, angeirudishia mwanga ambao haikuupoteza, magnitudi kwa magnitudi mara mbili ya deni lake.

Mwaka 2021 Dillon Brout na Daniel Scolnic walitoa hoja kwamba ngazi yote inaweza kuwa ni hiyo tu. Tumekuwa tukitumia kanuni moja ya rangi kwa supanova zote, wakati vumbi la galaksi nzito lina uwiano tofauti na la galaksi nyepesi. Ushahidi wao ndio ulionivuta: ukitenga supanova za buluu, ambazo karibu hazina vumbi mbele yake, ngazi inakuwa ndogo sana, na ukitenga nyekundu, ngazi inapanuka. Masizi hayo, nikasema. Mjomba alikuwa na haki.

Hoja hii ina kipimo chake safi. Mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho ulio ng'ambo ya mwekundu, hupenya vumbi bila kusumbuka sana, kwa hiyo ikiwa tatizo ni kioo, ngazi inapaswa kutoweka tukipima katika infraredi. Imepimwa. Kundi moja limeona imetoweka, makundi mengine yameiona ipo pale pale.

## Utambi

Upande wa pili yuko Mickael Rigault na wenzake, ambao tangu 2013 wamekuwa wakiacha galaksi nzima na kutazama mtaa tu: je, ndani ya miaka nuru elfu chache kuzunguka mahali pa mlipuko, nyota zinazaliwa au hazizaliwi? Napenda swali hili kuliko la uzito, kwa sababu galaksi ina vitongoji, na kibete kilicholipuka kimeishi kwenye kimojawapo. Waliona kwamba supanova za mitaa yenye nyota changa na za mitaa ya wazee zinatofautiana hata baada ya masahihisho, na katika kazi yao ya 2020 tofauti ilifika magnitudi 0.16, takribani asilimia 15 za mwanga, mara mbili ya ngazi ya uzito. Katikati, mwaka 2015, kundi la David Jones lilitumia mkusanyo mkubwa zaidi, na tofauti ikasinyaa karibu ya kutoonekana. Ukizisoma kazi hizi kwa kufuatana, unajisikia kama mtu anayefuatilia kesi ambayo kila shahidi anamfuta aliyetangulia.

Lakini utambi una kitu ambacho kioo hakina, nacho ni kisa cha ndani ya nyota kinachoweza kusimuliwa hatua kwa hatua. Nyota iliyozaliwa na metali nyingi huwa na kaboni, nitrojeni na oksijeni za kurithi. Ikichoma haidrojeni, nyingi kati ya hizo huishia kuwa nitrojeni-14, na ikichoma heliamu, nitrojeni hiyo hugeuka neoni-22, yenye protoni 10 na nyutroni 12. Zile nyutroni mbili za ziada ndizo zinazoleta balaa baadaye. Nikeli-56 inataka protoni 28 na nyutroni 28, sawa kwa sawa. Mlipuko ukikuta ziada ya nyutroni, sehemu ya mali yake huenda kwenye nikeli-58 na chuma-54, ambazo zimetulia na hazitoi mwanga wowote. Frank Timmes, Edward Brown na James Truran walikadiria mwaka 2003 kwamba metali peke yake zinaweza kubadilisha kiasi cha nikeli-56 kwa asilimia 25 hivi. Nyota inarithi kitu kutoka kwa galaksi yake, inakibeba kwa mabilioni ya miaka bila kukionyesha, na siku ya kufa kinapunguza mwanga wake.

Na umri nao: baadhi ya supanova hizi hulipuka miaka milioni mia tu baada ya nyota kuzaliwa, nyingine baada ya bilioni kumi. Sioni kwa nini vibete vilivyopishana umri kiasi hicho vilipuke sawasawa.

Nikilazimishwa kupiga kura, nitasema vyote viwili, na nitasema hivyo bila raha, kwa kuwa "vyote viwili" ni jibu la mtu anayetaka kukaa salama. Shida halisi ni kwamba vumbi na ujana huishi nyumba moja. Mtaa unaozaa nyota ndio wenye vumbi, mtaa wa wazee umefagiliwa, na supanova inaweza kuwa nyekundu kwa asili yake kabla hata vumbi halijaigusa. Ukigeuza kimoja unagusa kingine.

## Asilimia nane za nini?

Kwa kazi nyingi, asilimia nane za mwanga ni asilimia nne za umbali, na hakuna wa kulalamika. Wanaopima mwendo wa kutanuka kwa ulimwengu wanalalamika. Kundi la Riess hupata takribani kilomita 73 kwa sekunde kwa kila megaparseki, yaani kwa kila miaka nuru milioni 3.26 ya umbali, wakati mwanga wa kale wa ulimwengu uliopimwa na chombo cha angani Planck unatoa 67.4. Vipimo vya Riess vinaanzia kwenye galaksi zenye sefeidi, nyota ambazo kupwita kwake hutaja ukali wake, na sefeidi ni nyota changa, kwa hiyo supanova za kuanzia zote zinatoka kwenye galaksi za vijana, wakati za mbali zilichanganyika. Rigault aliisema hatari hiyo, na nadhani alisikilizwa: katika kazi ya 2022, yenye supanova 42 za kuanzia, zile za mbali nazo zilichaguliwa zenye galaksi za aina hiyo hiyo. Namba ikabaki 73. Basi hapo hofu yangu imepungua.

Kwenye nishati giza, jina la kile kinachodhaniwa kuongeza kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, haijapungua. Kutazama mbali ni kutazama zamani, na zamani galaksi zote zilikuwa changa kuliko leo, kwa hiyo mchanganyiko wa nyota zinazolipuka unabadilika kadiri tunavyokwenda mbali. Kundi la Young-Wook Lee wa Chuo Kikuu cha Yonsei, Korea Kusini, lilidai mwaka 2020 kwamba umri peke yake unaweza kuiga athari ya nishati giza, likajibiwa vikali, na mwaka 2025 likarudi na dai kwamba, umri ukisahihishwa, kasi ya ulimwengu imekwisha kuanza kupungua. Siendi nao mpaka huko. Nishati giza inashikiliwa pia na mwanga wa kale na mpangilio wa galaksi angani, si supanova pekee. Lakini swali lao ni halali kabisa: ngazi iliyopimwa kwa galaksi za leo, kwa nini itoshe kwa galaksi za miaka bilioni saba iliyopita?

Sentensi yangu ya zamani nimeifuta. Mahali pake pameandikwa: "Supanova za aina ya Ia hazilipuki kwa mwanga mmoja. Tunazisawazisha kwa kasi ya kufifia, kwa rangi, na kwa uzito wa galaksi zake, na sahihisho hili la mwisho tunalitumia bila kukubaliana linasahihisha nini." Imekuwa ndefu, na haipendezi.

## Giza lililofuata

Nilirudi Pangani. Nikamwamkia mjomba, tukakaa pale pale. Nilimuuliza aliwezaje kujua, akiwa ufukweni, kwamba tatizo la jirani ni kioo wala si utambi, kwa kuwa masizi na moto uliokosa nguvu vyote huufanya mwanga uonekane mwekundu kwa mbali.

"Sikujua," alisema. "Mashua niliijua kwa pale anapopenda kutega. Kioo nilikisia tu. Asubuhi yake aliposhusha dagaa nikamfuata kumkemea, nikakuta kioo cheupe kabisa. Pampu ndiyo iliyokufa, haishiki upepo."

Upande wa kusini, mahali pale pale, ilikuwapo taa moja imejitenga. Ilikuwa kali kuliko zote.

"Kumbe amepata pampu mpya."

"Hapana," mjomba akasema. "Amenunua taa ya betri."